Wifi Kamfuata Muuza Mikate

Wiki iliyopita niliwaacha nimelala chali katikati ya barabara, kamba mkononi, wifi yangu kanilalia juu, na goti langu la kulia limetoa mlio ambao goti la mtu mzima halipaswi kuutoa. Wako waliouliza kama nilikufa. Sikufa, jamani. Ningekufa si ningepumzika?

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nijieleze upesi. Mimi ni fundi cherehani. Mchana nashona, jioni napika, asubuhi nakimbia. Sikimbii kutafuta medali. Nakimbia kwa sababu ndio wakati pekee ambao hakuna mtu anayeniuliza gauni lake limefikia wapi.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, haoni. Zamani alikuwa tarishi, akisambaza barua za ofisi mji mzima kwa baiskeli. Macho yakaanza kufifia, yakazimika, wakamhamishia kwenye meza ya kupokea simu, naye akaja kuishi kwetu. Mwanzoni tulinuniana vibaya sana. Yeye akifungua redio, mimi nazima. Mimi nikihamisha kiti, yeye anajigonga, na hapo atanisema mimi mpaka bibi yangu mzaa mama.

Siku moja akaniuliza, "Hivi wewe kila asubuhi unakimbilia wapi?"

"Njoo uone," nikamjibu. Sikukusudia ubaya, neno lilinitoka tu.

Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaja.

Tangu hapo tunakimbia pamoja. Kamba fupi, ncha moja mkononi kwangu, ncha moja mkononi kwake. Tukirudi tumeloa jasho, hakuna mwenye nguvu ya kugombania redio. Nyumba ikapata amani. Kwa hiyo goti langu lilipolia pale barabarani, sikuliogopea goti. Niliiogopea ile amani.

Mtaalamu wa viungo alilikunja, akalikunjua, akalibonyeza palepale nilipomwomba asilibonyeze.

"Mama, kukimbia basi."

"Basi kwa wiki hii?"

"Basi mpaka nitakapokuambia. Ukitaka mazoezi, panda baiskeli. Haina kishindo, goti litapona huku linafanya kazi."

"Baiskeli siijui."

"Miguu si unayo? Mkimbiaji kama wewe utaizoea mara moja."

Muongo yule! Nitawaeleza.

Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi nje, na mlango wa chumba chake haufungiki vizuri, kwa hiyo alisikia yote. Nilipotoka nachechemea nilimkuta anaiviringa ile kamba kidoleni, taratibu. Akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Mtu mwenye ulimi kama wake akinyamaza, ujue pameharibika.

Haikupita muda, Mama Saa akaja nyumbani kuniangalia. Huyu ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha mbio. Jina lake halisi wengi hatulijui, maana saa ya kupimia mwendo haimtoki shingoni, hata msibani huja nayo. Si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba akikupa pole, huwa ameshapanga nani achukue nafasi yako.

"Pole sana, Fundi. Usijali, kamba ya wifi yako nitaishika mimi. Mbio za wazi zinakaribia, hawezi kukaa bure."

Mdomo wangu ukanitangulia. "Nitamwongoza mimi. Kwa baiskeli."

Mume wangu akaacha kutafuna. Wifi ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Kwa baiskeli? Wewe? Wewe hata kiti cha kuzunguka kinakupa kizunguzungu!"

"Nitajifunza."

Mama Saa akaishika saa yake. "Haya. Siku ya majaribio tutaona. Ukimzungusha salama njia yote ya matangi ya maji, mbio za wazi mtakwenda wawili. Ukishindwa, kamba naichukua mimi, na tusinuniane."

Nikakubali. Kitakachoniua mimi ni kiherehere, wala si goti.

Mume wangu ni mtunza stoo. Akanitafutia baiskeli iliyosahauliwa nyuma ya mapipa kazini kwao, nyeusi, nzito, chuma kitupu, na keria pana huko nyuma inayotosha kubeba mtu na mzigo wake. Akanipandisha uani kwetu, akanishikilia, akaniachia.

Sasa sikilizeni. Mimi nina mapafu. Nimepanda milima kwa mbio huku napiga soga. Nilidhani miguu ni miguu tu. Kumbe miguu ya mbio na miguu ya baiskeli ni watu wawili wasiosalimiana. Kabla sijaufikia uzio mapaja yananiwaka moto, mabega yamepanda hadi masikioni, viganja vinauma kwa kuukaba usukani, na huko nilikokalia, tuheshimiane, tusikutaje.

Kusimama sasa, ndiyo balaa lenyewe. Cherehani yangu ni ya miguu. Miaka yote, nikitaka kuisimamisha, mkono wa kulia unaliwahi lile gurudumu dogo la ubavuni na kulishika. Mwili wangu haukupewa taarifa kwamba tumehama. Kila nilipotaka kusimama, mkono wa kulia uliachia usukani wenyewe ukateremka kutafuta gurudumu. Nikapiga mweleka kwenye ndoo. Nikapiga mweleka kwenye nguo zilizoanikwa. Breki ipo, tena inanitazama, mimi napapasa hewa.

Wifi alikuwa amekaa kizingitini, kikombe cha chai mkononi, anasikiliza.

"Unakanyaga kwa kisigino," akasema.

"Umejuaje?"

"Nakusikia. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Unashona, wifi. Hiyo si suruali ya shule."

"Basi njoo uendeshe wewe!"

"Nipe macho nikuonyeshe." Akanywa chai yake bila haraka. "Mwenzako nimeteremka milima na bahasha ya mkurugenzi nimeing'ata kwa meno. Kanyaga kwa unyayo wa mbele. Halafu acha. Usikanyage tu kama umetumwa. Acha ijiendee."

Nikaacha.

Baiskeli haikusimama. Ikaendelea kwenda, polepole, na gurudumu la nyuma likaanza kulia: te-te-te-te-te.

Jamani. Kwenye mbio, ukiacha kukanyaga umesimama. Huku ukiacha kukanyaga unapumzika na safari inaendelea. Mwanamke mzima nilitaka kulia pale uani. Nitajieni kitu kingine kimoja katika maisha yangu kinachoendelea nikikiacha!

Wifi akainua kidole. "Huo mlio. Rudia."

Nikarudia. Te-te-te-te.

"Huo nitaufuata," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya goti nikauona uso wake umefunguka.

Ndivyo tulivyoanza. Nakanyaga kidogo, naacha, gurudumu linalia, naye anakimbia nyuma yangu akiufuata mlio. Kengele mara moja ni kushoto, mara mbili ni kulia. Nikitaka mlio usikatike, nazungusha pedali kinyumenyume, taratibu. Watu wakawa wanasimama kututazama. Mpita njia mmoja aliniuliza kama yule mama anayenikimbiza nimemwibia nini. Wifi akamjibu, "Kaniibia kaka yangu!"

Ilikuwa raha, sitawaficha. Lakini ilinimaliza. Nikishuka kwenye baiskeli nakwenda kwenye cherehani, kutoka pedali hadi pedali, na jioni nikiinuka kitini nashikilia meza kama kikongwe. Kuna siku nilisinzia sindano ikiwa katikati ya kwapa la shati la mtu. Nilichoka mpaka nywele.

Sikusema. Ningesemaje? Mama Saa alikuwa anasubiri hilo neno moja tu.

Siku chache kabla ya majaribio breki ikalegea kabisa. Nikiibana, inagusana na usukani na baiskeli inaendelea na mambo yake. Nikaipeleka kwa fundi baiskeli wa pale kona, ambaye kwa wembamba wake tunamwita Spoku.

"Breki tu," nikamwambia.

"Breki tu, fundi mwenzangu. Iache, mzee ataipitia."

Mzee ndiye mume wangu. Akaipitia jioni ya kuamkia majaribio, akaja kusimama mlangoni kwangu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, goti zima chini, goti bovu juu ya mto, napanga pindo la gauni. Pini zimejaa mdomoni, kichwani hamna kitu.

"Spoku anakusalimu. Anasema ile kelele ya gurudumu kakuondolea bure. Kalishindilia grisi, sasa ni kimya kabisa. Zawadi ya fundi kwa fundi."

"Mm," nikasema.

Nilimsikia? Nilimsikia. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Asubuhi niliamka kabla ya wifi, nikaisukuma baiskeli kuitoa uani. Nikapiga hatua. Kuna kitu hakipo. Nikasimama, nikasukuma tena. Kimya. Nikainua nyuma, nikalizungusha gurudumu kwa mkono. Linazunguka, laini, halisemi chochote.

Hapo ndipo maneno ya mume wangu yaliponirudia, yote, mpaka zile salamu.

"Spoku wewe!" nikasema peke yangu. "Nani kakutuma?"

Grisi haitoki kwa kupuliza, na Spoku asubuhi ile yuko usingizini. Nikashika kichwa. Kisha ufundi ukanijia. Nikaingia chumba cha kushonea, nikachukua kipande cha kile kitambaa kigumu tunachokiweka ndani ya kola za mashati, nikakibana kwenye fremu kwa kibanio cha nguo ili kiguse spoku za gurudumu. Nikasukuma. Trrrrr. Si mlio ule, lakini ni mlio.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kulikuwa na maneno machache tu: wifi, gurudumu limenyamaza, tuombe siku nyingine. Nikamwona Mama Saa akilini mwangu, mkono kaunyoosha. Nikameza maneno yangu.

Wifi akatoka, viatu vimefungwa, akaweka mkono kwenye keria kama kawaida yake. Tukaondoka.

"Mbona leo inakohoa?"

"Spoku kaifanyia marekebisho."

"Marekebisho au kaiambukiza mafua?"

"Twende, wifi, tutachelewa."

Kwetu ni bondeni. Unapanda kilima kirefu mpaka kwenye kiwanda cha mikate, na kutoka hapo juu kote ni tambarare mpaka matangi ya maji. Tulipanda kwa miguu, mimi nasukuma, yeye kashika keria. Njia nzima hakusema tena. Wifi akisikiliza sana huwa haongei.

Mama Saa alikuwa ameshafika, saa shingoni. Mkononi alikuwa na kamba, mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Kamba ya nini?" nikamuuliza.

"Tahadhari tu, Fundi."

Nikapanda baiskeli.

Mwanzo ulikwenda vizuri, lazima niseme. Nilikanyaga, nikaacha, kola ikasema trrrr, wifi akawa nyuma yangu. Kengele mara moja, akapinda kushoto. Kengele mara mbili, akapinda kulia. Mama Saa alikuwa anakimbia mbali nyuma yetu, maana tulikubaliana asimsaidie. Nikaanza kujisifu moyoni. Nikajiona siku ya mbio za wazi, watu wanapiga makofi.

Pale barabara inapogawanyika, mkono wa kushoto unazunguka matangi, mkono wa kulia unarudi kiwandani. Palepale kuna bomba linalovuja, maji yametanda barabara nzima. Nikayaingia bila kufikiri.

Kola, nyie wenzangu, haitakiwi kuloa. Trrrr ikawa pff. Pff, pff. Kisha kimya.

Na wakati uleule akatupita mtu. Alikuwa muuza mikate, kreti tupu kaifunga nyuma, anakwenda kiwandani kuchukua mzigo. Alikanyaga mara moja, akaacha baiskeli ijiendee.

Te-te-te-te-te.

Akapinda kulia.

Nilitaka kupiga kengele. Nilitaka kuita. Lakini kwanza nilitaka kusimama, na mkono wa kulia, ule mkono wangu wa kulia usiosikia la mwadhini wala la mnadi sala, ukaachia usukani ukateremka kutafuta gurudumu la cherehani. Nikaangukia pua ndani ya maji. Nikamtukana Spoku kwa sauti.

Nilipoinua kichwa, wifi yuko kwenye njia ya kulia, nyuma ya muuza mikate. Anakimbia kichwa juu, mabega yametulia. Sijawahi kumwona anakimbia vizuri vile.

"Wifi! Si mimi huyo! Wifi!"

Hakugeuka.

Mama Saa akanifikia anahema. "Yuko wapi?"

"Kamfuata muuza mikate."

"Nini?"

"Kamfuata muuza mikate, Mama Saa! Muuza mikate!"

Njia ile hupita malori ya unga, na dereva wa lori la unga hamngoji mtu asiyeona. Nikaiacha baiskeli kwenye maji, nikakimbia. Mtaalamu wa viungo, kama unasoma gazeti hili, nisamehe. Kila hatua goti lilikuwa linanichoma kama sindano iliyosahauliwa kwenye pindo. Nikakimbia hivyohivyo, mguu mmoja wa mbio, mguu mmoja wa kuburuta.

Nikawakuta langoni mwa kiwanda. Wifi kashika kreti kwa mkono mmoja, jasho linamtiririka, anatabasamu peke yake. Muuza mikate kasimama pembeni, kachanganyikiwa.

"Dada, huyu ni wako?" akaniuliza. "Yuko nyuma yangu toka kule matangini. Nimejichunguza njia nzima kosa langu ni lipi, sikuliona!"

Wifi aliposikia mguu wangu ukiburuta, tabasamu likamwisha.

"Umekuja kwa kukimbia," akasema. "Kwa goti hilo."

"Umenitia kiwewe! Unamfuata mtu usiyemjua! Hapa yanapita malori!"

"Nilijua si wewe."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Ulijua?"

"Toka kwenye maji. Kikohozi kilikatika, ukaanguka pwaa, ukamtukana Spoku. Nitashindwaje kujua? Halafu akapita huyu kaka. Baiskeli yake ina mlio safi. Na yeye haguni."

"Nani anaguna?"

"Wewe. Ukikanyaga unaguna. Ukiacha, unashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Kila asubuhi nakimbia nyuma ya mtu anayegunia mzigo, na mzigo ni mimi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Leo nikasema wacha, hata mara moja tu, nikimbie nyuma ya mtu ambaye hajachoka."

Muuza mikate akaangalia viatu vyake.

Mama Saa akatokea, anaisukuma baiskeli yangu, kamba kaining'iniza pamoja na saa.

"Makubaliano, Fundi," akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi.

"Ngoja kwanza," wifi akamwambia. Akanigeuzia uso, kidogo upande, sikio mbele, kama afanyavyo siku zote akitaka kumsikia mtu mpaka ndani. "Wifi. Nijibu, na usinitie viraka. Umechoka?"

Nyie wasomaji mnalijua jibu, kila wiki ninawalilia. Mume wangu halijui. Wateja hawalijui. Na katika wote, niliyemficha kuliko wote ni yeye.

"Nimechoka, wifi," nikasema, na machozi yakaja yenyewe. "Nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichosha. Lakini nikiiachia kamba tutarudi kulekule, kuzimiana redio na kubamiziana milango. Hicho ndicho ninachokiogopa. Sina kingine."

Kisha akaunyoosha mkono wa kushoto, ule ambao siku za kamba ulifungwa na wangu, akampa Mama Saa.

"Mbio za wazi utanishika wewe."

Mama Saa akaifunga kamba. Hakushangilia, nampa haki yake. Hata fundo alilifunga huku kaangalia pembeni.

"Na mazoezi yake, wewe," wifi akaendelea. "Mimi nataka kumaliza zile mbio, na huyu nataka abaki na goti. Haya, sasa nifungue."

"Si ndiyo kwanza nimefunga?"

"Nifungue. Nyumbani narudi na wifi yangu. Baiskeli iko wapi?"

"Hii hapa."

Akaipapasa. Usukani, tandiko, keria akaipiga konzi kusikia kama bado imara. Kisha, kabla hatujajua anataka nini, akainua mguu akapanda, wepesi, kama mtu anayerudi kwenye kiti chake cha zamani.

"Panda nyuma," akaniambia.

"Nyuma wapi?"

"Kwenye keria. Goti lako bovu, macho yangu mabovu. Mimi nina miguu, wewe una mdomo. Wewe sema, mimi nakanyaga."

"Wifi, wewe huoni!"

"Ahsante kwa kunikumbusha."

"Jamani, haiwezekani!" Mama Saa akapaza sauti. "Hapo mbele ni kilima!"

Muuza mikate akaivuta kreti yake pembeni bila kuambiwa.

Ningekataa. Mtu mwenye akili zake angekataa. Lakini niliitazama ile keria, chuma kile kipana, kitupu, nikawaza kwamba sijui ni lini mara ya mwisho nilibebwa na mtu. Nikapanda. Nikamshika kiuno. Alinuka jasho na sabuni yetu ya nyumbani.

Akasukuma chini kwa mguu mmoja. Gurudumu likaanza kuzunguka, kimya.

"Sema."

"Moja kwa moja. Barabara tupu."

"Kisha?"

"Kisha tunashuka. Si unaijua, tumeipanda asubuhi?"

"Naijua kwa kupanda. Nakuuliza ya kushuka. Ni ndefu?"

Nikachungulia begani kwake. Chini kabisa mapaa ya kwetu yalikuwa yanang'aa, madogo.

"Ndefu, wifi."

Akapunguza mwendo kwa unyayo wake mmoja unaoburuta lami. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshafika pale barabara inapoanza kuinama.

"Na breki? Spoku kaikaza?"

Salamu za Spoku nililetewa. Habari za grisi nililetewa. Ya breki mume wangu hakusema, wala mimi sikuuliza, na asubuhi nzima nilihangaika na mlio, breki sikuigusa hata mara moja. Neno "ndiyo" lilikuwa palepale mdomoni, tayari, kama lile la marekebisho.

"Sijui, wifi," nikasema. "Sikuuliza."

Nyuma yetu nikasikia Mama Saa akibonyeza saa yake.

"Afadhali leo umeniambia kweli," wifi akasema, akauinua na ule mguu uliokuwa umebaki chini.